Uchambuzi wa zamani wa gharama na faida za huduma za afya: uutumie ulivyo, uupashe au uanze upya?

Kila msimu wa bajeti ukifika, iwe huku kwetu Mtwara au kwa wenzetu wa Lindi, kwenye kikao hakosekani mtu mmoja wa kutoa ripoti. Ripoti inasema huduma fulani inaokoa maisha mengi kwa hela kidogo, ina jedwali zuri, ina dola kwa kila mwaka wa maisha uliookolewa, na walioiandika ni watu wanaoheshimika. Ukifungua kurasa za ndani unakuta bei zilizotumika ni za mwaka 2006. Hapo ndo kikao kinagawanyika, huyu anasema utafiti ni utafiti tuutumie, yule anasema tuupashe, yaani tupandishe namba ziendane na bei za leo, na wa tatu anasema hiyo weka pembeni tufanye mpya.

Nimekaa kwenye hivyo vikao vya kutosha na nimeona kila njia ikisaidia na kila njia ikiharibu. Kwa hiyo hapa naziweka zote tatu mezani, kwa ajili ya walioko CHMT (timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri), walioko kwenye miradi, na wanafunzi wa afya ya jamii ambao wanatakiwa waandike hoja wiki ijayo na mkononi wana uchambuzi wa miaka kumi na tano iliyopita.

Vigezo kwanza: nini hasa kimechakaa?

Anza na mwaka wa bei, achana kidogo na mwaka uliochapishwa. Uchambuzi unaweza kutoka 2015 huku bei zilikusanywa 2010 na matokeo ya dawa yametoka kwenye jaribio la 2007, yaani ulizaliwa ukiwa na umri tayari. Alafu jiulize ni kiungo kipi kimekufa, maana havichakai kwa pamoja.

Bei ndo inayoonekana haraka. Mwaka 2000 ARV zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350, na sasa hivi TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu, ya mwaka mzima inanunuliwa chini ya dola 45. Kuna uchambuzi maarufu wa 2002 uliosema kwa Afrika hela ianze kwenye kinga kabla ya ARV, kwa sababu kinga ilikuwa na faida mara 28 kuliko ARV kwa kila dola. Kwa taarifa za wakati ule unaweza kuelewa walifikaje hapo. Lakini mwaka 2011 jaribio la HPTN 052 likaonyesha mtu akianza dawa mapema, maambukizi kwenda kwa mwenza wake yanapungua kwa asilimia 96. Yaani ARV yenyewe ikawa kinga. Sasa mtu aliyeendelea kunukuu zile mara 28 baada ya hapo, hata angepandisha au kushusha bei vipi asingepata jibu sahihi, kwa sababu swali lenyewe la kutenganisha tiba na kinga lilishavunjika.

Cha pili ni nguvu ya huduma. Sisi tunalijua hili kuliko wengi, kwenye dawa za malaria klorokwini ikaachwa 2001 ikaja SP, na 2006 sera ikahamia ALu (dawa mseto), zote kwa ajili ya usugu, yaani vimelea kuzoea dawa. Vyandarua navyo hivyo hivyo, mbu wamezoea dawa ya zamani, na jaribio la Misungwi kule Mwanza lililotoka 2022 lilionyesha vyandarua vyenye klofenapiri (dawa nyingine ya kuua mbu) vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili ukilinganisha na vya kawaida. Ukiwa na uchambuzi wa chandarua uliofanywa wakati mbu bado wanakufa kirahisi, umeshika sifa za chandarua ambacho hakipo tena.

Cha tatu, unalinganisha na nini? Zamani mtoto akiwa na homa anapewa dawa ya malaria moja kwa moja, leo anapimwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) kwanza. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza nchini 2018 kwa dozi mbili, 2024 tukahamia dozi moja. Kile kitu cha kulinganishia kikibadilika, faida ya ziada inabadilika nayo hata kama huduma unayoipima haijaguswa.

Cha nne ugonjwa wenyewe. Malaria kwa watoto chini ya miaka mitano kitaifa ilikuwa asilimia 18 kwenye utafiti wa 2007-08, na 2022 ikawa asilimia 8. Wagonjwa wakipungua, hela ya kuzuia mgonjwa mmoja inapanda, hilo halihitaji mtu akosee popote. Ila huku kwetu usikimbilie namba ya taifa, Mtwara bado iko juu ya wastani huo.

Cha tano watu wengi wanakiruka: kipimo. DALY, yaani mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliopotea, ya miaka ya 90 ilikuwa inapunguza thamani ya miaka ya mbele na kutoa uzito tofauti kwa umri tofauti, kwenye makadirio ya magonjwa duniani ya 2010 hayo yote yakaondolewa. Kwa hiyo dola 40 kwa DALY ya zamani na dola 40 kwa DALY ya sasa si kitu kimoja. Kile kizingiti cha kusema huduma ina faida ikiwa kuokoa DALY moja kunagharimu chini ya mara moja hadi mara tatu ya pato la mtu mmoja kwa mwaka, kilitokana na tume ya WHO ya 2001, na 2016 wataalamu wa WHO wenyewe wakaandika kwamba kisitumike peke yake kufanya maamuzi. Ukikuta ripoti inasema "ina faida sana" kwa sababu tu iko chini ya pato la mtu mmoja, hilo neno "sana" lisome kwa tahadhari.

Baada ya hivyo vitano ongeza vigezo vyako vya nyumbani: uamuzi una uzito gani, una muda gani kabla ya kufunga mpango, data ipo, na nani ataisoma. Sasa twende kwenye njia zenyewe.

Njia ya kwanza: kuutumia ulivyo

*Muda na hela.* Siku moja au mbili za kusoma kwa utulivu. Hela hakuna.

*Inapofanya vizuri.* Pale tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba hata gharama zikipanda mara tatu jibu ni lile lile, kama kumchanja mtoto surua ukilinganisha na kutomchanja. Pia ni nzuri kwa kujua gharama zinajificha wapi. Katikati ya miaka ya 2000 kwenye wilaya za Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba watoto wachanga walikuwa wanapewa SP wakija kwenye chanjo, ilikuwa kazi kubwa na gharama zake zilichambuliwa. Bei za mle zimepitwa, ila mgawanyo bado unafundisha: dawa yenyewe ni kipande tu, kuna mafunzo, vikao, usimamizi, vitendea kazi, na hivyo ndo vitu tunavyosahau kila tukipanga.

*Inapoangusha.* Mfano ule ule wa SP kwa watoto. Majumuisho ya majaribio yaliyotoka 2009 yalionyesha inapunguza malaria kwa asilimia 30 hivi, lakini jaribio la Korogwe na Same, kwenye usugu mkubwa, halikuona kinga kwa wale waliopewa SP. 2010 WHO ikaipendekeza kwa sharti la kiwango cha vinasaba vya usugu kisizidi asilimia 50, 2022 sharti likaondolewa na mpango ukapanuliwa na kupewa jina jipya. Ndani ya miaka 13 ushauri umegeuka zaidi ya mara moja. Ukichukua uchambuzi wa 2008 ukaubandika kwenye mpango wa leo bila kugusa kitu, umebandika pia imani ya 2008 kuhusu usugu. Na pale huduma mbili zinapokaribiana, kwa mfano dola 50 na dola 60, uchambuzi mkongwe usiutumie kabisa kuchagua kati yake, hiyo tofauti inaweza kumezwa na mabadiliko ya bei tu.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi anayeandika usuli. Mtu wa mradi anayetafuta wazo la awali. Mganga mfawidhi anayetaka kujua aulize maswali gani. Sharti moja tu, andika wazi mwaka wa bei na sehemu uliyofanyika, usiifiche kwenye tanbihi.

Njia ya pili: kuupasha

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo njia wengi tunayoichagua, na ndo yenye mitego mingi.

*Muda na hela.* Wiki mbili hadi miezi miwili kutegemea data. Unahitaji mtu wa Excel, mfamasia wa wilaya wa kukupa bei za MSD (bohari ya dawa), mtu wa data anayeingia DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya), na mhasibu anayejua mafuta na posho zinatoka wapi. Wote hao mnao ofisini.

*Inapofanya vizuri.* Pale muundo wa huduma bado ni ule ule na kilichobadilika ni bei, idadi ya watu na ukubwa wa ugonjwa. Hapo unatoa namba za zamani unaweka za leo, moja moja.

Sasa hiyo moja moja ndo muhimu. Chukua mfano, hizi namba ni za kujifunzia tu. Uchambuzi wa 2008 unasema huduma ni dola 1.50 kwa mtoto, kati ya hizo senti 60 ni dawa iliyoagizwa nje na senti 90 ni mambo ya ndani kama mishahara, posho na usafiri. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 1,200, leo tuseme 2,600. Tuseme bei za ndani zimepanda mara 2.5, za Marekani mara 1.45.

Mtu wa kwanza anabadilisha dola 1.50 kuwa shilingi 1,800 za wakati ule, anazidisha 2.5, anapata shilingi 4,500. Wa pili anapandisha dola kwa mfumuko wa Marekani, inakuwa dola 2.175, anageuza kwa 2,600, anapata shilingi 5,655. Wa tatu anagawa vipande: senti 90 ilikuwa shilingi 1,080, mara 2.5 ni 2,700, dawa anaacha kuikisia anauliza bei ya leo, anaambiwa imeshuka mpaka senti 40 ambayo ni shilingi 1,040, jumla 3,740. Uchambuzi ni ule ule mmoja, majibu matatu, na wote watatu watasema "nimerekebisha mfumuko wa bei". Kwa watoto 20,000 tofauti ya wa pili na wa tatu ni shilingi milioni 38.3. Hizo ni hela za kliniki za mkoba, zile za kuwafuata watu vijijini, za kutosha kabisa kwenye halmashauri.

Mi nipo na wa tatu. Vitu vya ndani vipandishe kwa shilingi na mfumuko wa hapa nchini, vitu vya nje tafuta bei ya leo, kwa sababu dawa na vitendanishi havifuati mfumuko wowote, vinashuka hati miliki ikiisha na vinapanda dola ikiadimika.

Alafu kuna gharama za huku kwetu ambazo hakuna kitabu kitakupa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika maeneo ya Kilwa, mizigo ikakwama. Masika njia ya Liwale si njia ile ile ya kiangazi. Msimu wa korosho watu wana hela na wanaweza kulipa nauli mpaka hospitali, miezi mingine mama anasubiri mpaka mkoba umfuate kijijini. Uchambuzi uliochukua gharama za usafiri kwa wastani wa mwaka mzima unaficha haya yote. Na tangu Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, kuna mistari ambayo kwenye chambuzi za zamani iliandikwa sifuri kwa sababu "inatolewa na mfadhili". Hiyo sifuri iangalie tena kabla hujaipasha, sifuri ukiizidisha kwa mfumuko wowote inabaki sifuri.

*Inapoangusha.* Ukipasha bei na kuacha muundo uliokufa, ni sawa na kupaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa. Niliwahi kuwa kwenye timu ya halmashauri moja, sitaitaja, tulichukua makadirio ya zamani ya kliniki za mkoba tukayapandisha kwa mfumuko, tukaridhika kabisa. Hatukuuliza kama vijiji ni vile vile. Vingine vilishapata zahanati yake, vitongoji vingine vipya vimezaliwa mbali zaidi, na safari zilikuwa ndefu kuliko kwenye karatasi. Robo ya tatu mafuta yakaisha, na kuna kinamama walikaa chini ya mwembe na watoto mgongoni siku ya kliniki, gari halikuja. Bei tulizoweka zilikuwa sahihi, hesabu ya mfumuko ilikuwa sahihi, kilichochakaa kilikuwa ramani. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo sababu kubwa ya kuandika haya.

Kwa hiyo ukipasha, pasha vyote vitano nilivyotaja juu, hata kama kwa baadhi utaandika tu "tumekagua, hakijabadilika". Na zijaribu namba zako: pandisha mafuta kwa asilimia 30, shusha mahudhurio kwa robo, uone kama jibu linageuka.

*Inamfaa nani.* CHMT yenye wiki chache kabla ya kufunga mpango kabambe. Mratibu wa programu, iwe malaria au chanjo. Asasi inayotaka kuongeza kata mbili tatu kwenye kitu ambacho tayari kinaendeshwa.

Njia ya tatu: kuanza upya

*Muda na hela.* Mwaka na zaidi, mara nyingi. Kuna kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), kuna kukusanya gharama vituoni, kuna kuuliza wagonjwa walitumia nini njiani, kuna mchambuzi wa kulipwa. Halmashauri peke yake ni ngumu, inahitaji chuo au taasisi ya utafiti.

*Inapofanya vizuri.* Pale kitu chenyewe ni kipya au kimebadilika mpaka mizizi. Chanjo za malaria ni mfano mzuri, RTS,S ilipendekezwa na WHO 2021 na R21 ikaja 2023. Chambuzi za mwanzo za RTS,S zilitumia bei ya kudhania, dola 5 kwa dozi, R21 imekuja chini ya hapo, na kwenye hesabu za leo chanjo inaingia kwenye kijiji chenye vyandarua vya aina mpya. Huwezi kupasha kitu ambacho hakikuwepo. Vivyo hivyo majibu ya Misungwi ni ya Kanda ya Ziwa, kuna mbu wake na kuna mazoea yake ya kulala. Ukanda wa korosho watu wanalala mashambani msimu wa kuokota, hicho peke yake kinatosha kubadilisha chandarua kinafanya kazi kiasi gani.

*Inapoangusha.* Jipya nalo linachakaa, tena haraka. Kuna kazi ya 2007 iliyofuatilia mapitio 100 ya tafiti za tiba, ikakuta nusu yalihitaji kusasishwa ndani ya miaka 5.5, na asilimia 7 yalikuwa yameshapitwa siku yanachapishwa. Hayo mapitio ndo yanayolisha chambuzi za gharama. Kwa hiyo kuna watu wanasubiri utafiti mpya miaka miwili, unafika bei zimeshabadilika, na miaka yote hiyo miwili uamuzi ulifanyika kimya kimya bila uchambuzi wowote.

Kama utaanza upya kweli, omba faili lenyewe la hesabu, usikubali PDF peke yake. Namba zote za kuingiza zikae ukurasa wake, kila moja na chanzo na mwaka, ili mwenzako akija 2030 abadilishe bei ya mRDT na jibu lijibadilishe. Makabidhiano ya faili la aina hii ofisini ni kitu kidogo, lakini ndo kinachoamua kama atakayekuja ataanza tena sifuri.

*Inamfaa nani.* Wizara na programu za taifa. Taasisi za utafiti. Mfadhili anayetaka kuweka hela kwa miaka mitano kwenye mkoa mzima.

Sasa we uko wapi?

Una siku tatu na unaandika hoja ya ukurasa mmoja: utumie ulivyo, taja mwaka wa bei, na usidai zaidi ya mwelekeo.

Una mwezi mmoja, huduma ni ile ile mnayoifanya kila siku, na hela ni ya halmashauri: upashe. Gawa vipande vya ndani na vya nje, na kabla ya kufungua Excel kaa na muuguzi wa zahanati ya mbali kuliko zote umuulize nini kimebadilika.

Dawa imepata usugu, kipimo kimebadilika au dozi zimepungua, hata kama uchambuzi ni wa miaka mitatu tu: usiupashe kwa bei peke yake. Ukipata data mpya ya ufanisi badilisha hiyo kwanza, usipoipata ujue unahitaji mpya.

Uchambuzi ni wa nchi nyingine lakini wa juzi, na wa hapa nchini ni wa zamani: chukua ufanisi wa huko kama mbu, vimelea na huduma vinafanana, gharama chukua za hapa. Usichukue vyote viwili kutoka sehemu moja kwa ajili ya urahisi.

Mnaamua kufuta huduma, tofauti na kuongeza: hapa mi ningekuwa mkali zaidi. Kufuta kwa kutumia uchambuzi mkongwe kunaumiza watu ambao hawapo kikaoni. Angalau upashwe, na kama ni huduma ya mkoa mzima basi subirini mpya huku huduma ikiendelea.

Na kama hamna hata mmoja, wa zamani wala wa jirani, anzeni kuandika gharama zenu wenyewe robo hii: lita za mafuta kwa kila safari ya mkoba, watoto waliofikiwa, siku ambazo gari halikutoka na kwa nini. Daftari la kaunta linatosha kuanzia.